Maumivu ya Mguu Usiokuwepo

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo askari wengi wanalijua, lakini ni wachache wanaolitamka kwa sauti. Ni habari ya mtu aliyekatwa mguu au mkono, jeraha likapona, ngozi ikafunga, hata hivyo akaendelea kuumwa pale pale ambapo kiungo hakipo tena.

Tuchukue mfano. Katika mtaa wa Gikondo, wilaya ya Kicukiro, hapa mjini Kigali, tufikirie nyumba moja iliyoko mtelemkoni, juu ya bonde ambalo kwa miaka mingi lilijaa viwanda na maghala. Ndani ya nyumba hiyo anakaa koplo mstaafu. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti baada ya kukanyaga bomu lililotegwa ardhini. Mchana huvaa mguu wake wa bandia, akashuka hadi barabarani, akasalimiana na majirani na kufuata shughuli zake kama mtu yeyote. Usiku, anapouvua mguu ule na kuuegemeza ukutani, ndipo vidole visivyokuwepo huanza kuungua kana kwamba vimetiwa makaa. Wakati mwingine huhisi unyayo umejikunja kwa nguvu, naye hawezi kuukunjua, kwa sababu hakuna cha kukunjua. Mkewe huamka na kumwuliza, "Baba, unaumwa wapi?" Naye huona haya kujibu, maana jibu la kweli ni kwamba anaumwa mguuni, na mguu wenyewe ulizikwa zamani.

Sasa tumwongeze mwenzake. Huyu wa pili alitumika katika kikosi hicho hicho, akajeruhiwa kwa bomu la namna ile ile, akakatwa mguu mahali pale pale, tena katika hospitali hiyo hiyo. Yeye hulala usiku kucha. Mara moja moja huhisi kana kwamba mguu wake upo, lakini haumwumi. Watu hawa wawili nimewatunga kwa mfano, lakini hospitali zinazotibu majeruhi zinawajua watu wa namna zote mbili.

Swali letu basi ni hili: kwa nini mmoja anaumwa na mwenziwe haumwi? Katika makambi na katika vituo vya polisi jibu linalotolewa upesi ni kwamba mmoja ni shupavu na mwingine ni mlegevu, au kwamba mmoja ni mkweli na mwingine anatafuta fidia. Jibu hilo ni la makosa, na makosa hayo yamewaumiza watu wengi mara ya pili baada ya silaha kuwaumiza mara ya kwanza. Elimu ya leo inaonyesha kwamba sehemu ya tofauti kati ya watu hao wawili inatokana na mambo waliyozaliwa nayo, yaliyomo katika miili yao kabla hawajavaa sare wala kushika bunduki.

Ndugu msikilizaji, maumivu haya si jambo geni, na walioyaeleza mwanzo walikuwa watu wa vitani. Katika karne ya 16, Ambroise Paré, daktari mpasuaji aliyefuatana na majeshi ya Ufaransa, aliandika kwamba askari aliowakata viungo walimlalamikia maumivu katika viungo ambavyo havikuwapo. Mwaka 1797 amirijeshi wa majini wa Uingereza, Horatio Nelson, alipoteza mkono wake wa kulia katika shambulio la Tenerife, na baadaye alisimulia kuwa alizihisi hisia za mkono ule uliopotea. Hakuna aliyepata kumwita Nelson mwoga. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyomalizika mwaka 1865, daktari Silas Weir Mitchell, aliyekuwa amewatibu majeruhi wengi wa mishipa ya fahamu huko Philadelphia, ndiye aliyeyapa mambo haya jina linalotumiwa na waganga mpaka leo, yaani jina la kiungo kilicho kama mzuka. Ni jambo la kuzingatia kwamba mara ya kwanza alipoligusa suala hili mbele ya watu wa kawaida, mwaka 1866, alilitoa kama hadithi ya kubuni gazetini, bila kutia jina lake.

Wala si maumivu ya wachache. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, walizikusanya pamoja taarifa za uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali, wakakadiria kwamba katika kila watu 100 waliokatwa viungo, watu wapatao 64 hupata maumivu ya kiungo kilichokatwa. Waliona pia kwamba hatari ni kubwa zaidi kwa aliyekatwa mguu kuliko aliyekatwa mkono, kwa aliyekuwa na maumivu kabla ya kukatwa, na kwa mwenye kuumwa kigutu chenyewe. Kwa hiyo yule koplo wetu wa Gikondo si kioja. Ni mmoja wa walio wengi. Mwenzake anayelala usingizi ndiye aliyemo katika wachache wenye bahati.

Sasa tueleze jinsi maumivu hayo yanavyotokea. Ubongo wa binadamu ni kama makao makuu ya jeshi. Ukutani pake imebandikwa ramani ya mwili mzima, na kila kidole, kila kisigino, kila goti lina mahali pake katika ramani hiyo. Kutoka kila sehemu ya mwili kuna waya, ambao ndio mshipa wa fahamu, unaopeleka habari hadi uti wa mgongo, na kutoka hapo hadi makao makuu. Kiungo kikikatwa, kituo cha mbele kimeangamizwa, lakini ramani ya ukutani haikufutwa, na sehemu ya waya bado imebaki ndani ya mwili. Mwisho wa waya uliokatwa hauko kimya. Mshipa wa fahamu uliojeruhiwa huweza kujipigia kelele wenyewe bila kuguswa, na kelele hiyo ikifika makao makuu hupokewa kama habari kutoka katika kituo kilekile cha zamani. Ubongo hauwezi kujua kwamba waya umekatikia njiani. Huisoma habari kwa anwani yake ya kale, na anwani hiyo ni vidole vya mguu.

Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu juu ya mahali chanzo kilipo hasa. Mwaka 1995 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa kwa watu wenye maumivu haya ramani ya ubongo ilikuwa imebadilika, sehemu za jirani zikivamia eneo la kiungo kilichopotea. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walipima upya wakakuta kwamba ramani ya mkono uliokatwa inaweza kudumu kwa miaka mingi bila kufutika. Mwaka uliofuata, uchunguzi uliofanywa kwa watu waliokatwa miguu huko Albania na Israel ulionyesha kwamba dawa ya ganzi ikitiwa karibu na mahali mishipa inapoingia katika uti wa mgongo, maumivu ya mguu usiokuwepo yaliweza kunyamaza kwa muda. Ubishi huo bado unaendelea, lakini juu ya jambo moja pande zote zinakubaliana: maumivu haya yana kazi halisi inayofanyika ndani ya mishipa ya fahamu na ubongo. Si ndoto, si uongo, wala si pepo.

Hapa ndipo suala la urithi linapoingia. Kila mtu hupokea kutoka kwa mama yake na baba yake maagizo ya kuujenga mwili, yaliyoandikwa ndani ya kila chembe hai. Agizo moja moja huitwa jeni. Watoto wa tumbo moja hugawiwa maagizo haya kwa namna mbalimbali, ndiyo maana ndugu wawili huweza kupishana kwa kimo, kwa sauti, na pia kwa jinsi miili yao inavyopokea maumivu.

Ushahidi ulio wazi kupita wote kwamba jeni huyatawala maumivu ulitoka Pakistani. Mwaka 2006 wataalamu walieleza habari za familia za huko zenye watoto ambao tangu kuzaliwa hawakupata kuhisi maumivu ya namna yoyote. Mmoja wao alikuwa akijichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa barabarani ili watu wamtazame na kumpa fedha. Watoto hao walikuwa na akili timamu na waliweza kuhisi joto na mguso, lakini kuumwa hawakukujua. Ilionekana kwamba jeni moja tu, inayoitwa kwa kifupi SCN9A, ilikuwa imeharibika. Jeni hiyo hutengeneza mlango mdogo sana uliomo katika mshipa wa fahamu, na mlango huo ndio unaouwasha mshipa ili upeleke habari ya maumivu. Mlango ukiziba, habari haiendi.

Tusidhani kwamba watoto hao walikuwa mashujaa kuliko askari wetu. Walijing'ata ndimi na kuvunjika mifupa bila kujua. Mwenye kutoumwa hana ushujaa ndani yake, maana hana anachokishinda.

Ikiwa upo mlango wa kuwasha, upo pia mlango wa kuzima. Mwaka 2010 watafiti wa Boston, Marekani, pamoja na wenzao wa nchi nyingine, walitangaza uchunguzi juu ya jeni nyingine iitwayo KCNS1, ambayo inahusika na milango ya kuutuliza mshipa wa fahamu. Walichunguza zaidi ya watu 1,300 katika makundi mbalimbali, wakiwamo watu waliokatwa viungo na watu wenye maumivu ya mgongo. Waliona kwamba badiliko dogo katika jeni hiyo, sawa na kubadilisha herufi moja katika kitabu kizima, lilifuatana na maumivu makali zaidi. Badiliko hilo si ugonjwa wa nadra. Wamo watu wengi wanaotembea nalo maisha yao yote bila kulijua, kwa sababu hawajapata kujeruhiwa mishipa. Siku ya jeraha ndipo linapojidhihirisha.

Hata wanyama wametufundisha. Huko Jerusalem, mwaka 1990, Marshall Devor na mwenzake walieleza kazi yao juu ya panya waliokatwa mshipa wa fahamu wa mguu. Baadhi ya panya huutafuna mguu ule uliokufa ganzi, ishara ambayo wataalamu wengi huichukua kuwa ni ya maumivu, wengine huuacha. Watafiti hao waliwazalisha wale wanaotafuna peke yao, na wale wasiotafuna peke yao, kizazi baada ya kizazi. Mwishowe walipata koo mbili za panya, ukoo mmoja wenye kuumia sana na ukoo mwingine wenye kuumia kidogo, ingawa jeraha lilikuwa moja na chakula kilikuwa kimoja. Tofauti kati ya koo hizo ilitokana na urithi.

Lakini, ndugu msikilizaji, ukweli una pande zaidi ya moja, na msemaji wa kweli huzitaja zote. Mwaka 1986 daktari mmoja wa Uingereza aliandika juu ya familia moja yenye msiba wa ajabu: watu watano wa ukoo huo, kila mmoja kwa wakati wake, walipoteza viungo. Ikiwa urithi ndio unaoamua kila kitu, tungetazamia kwamba wote wangeumwa, au wote wasingeumwa. Haikuwa hivyo. Wamo walioumwa na wamo wasioumwa, wala haikuwezekana kubashiri ni nani. Kwa hiyo jeni peke yake haitoi hukumu. Huiinamisha mizani upande mmoja, lakini mambo mengine nayo huwekwa juu ya mizani hiyo hiyo: ukubwa wa jeraha, maumivu yaliyotangulia, jinsi mshipa ulivyokatwa, muda uliopita kabla ya matibabu, na mashaka ya moyo.

Juu ya mashaka ya moyo tunao ushahidi wa karibu na nyumbani, ambao unahusu watu wetu wenyewe. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, watafiti kutoka Ujerumani na wenzao waliwachunguza Wanyarwanda 424 walionusurika mauaji ya kimbari, wakatangaza matokeo yao mwaka 2010. Hawakuchunguza viungo vilivyokatwa. Walichunguza ule ugonjwa wa moyo na akili unaomrudisha mtu kila mara katika siku ya maafa, kwa ndoto na kwa mawazo yasiyoalikwa. Waliiangalia jeni iitwayo COMT, ambayo husaidia kuvunjavunja kemikali za mwili zinazohusika na hofu na mkazo, na ambayo wataalamu wengine wameichunguza pia kuhusiana na maumivu ya mwili.

Waliona nini? Kwa watu wengi hatari ya kuugua iliongezeka kadiri idadi ya maafa waliyoyapata ilivyoongezeka. Lakini wale waliorithi sura moja ya jeni hiyo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama pia walikuwa katika hatari kubwa hata walipokuwa wamepata maafa machache. Na katika kiwango cha juu kabisa cha maafa, tofauti ya urithi ilipungua, kwa maana mzigo ulikuwa umekwisha kuwa mzito kwa kila mtu. Fundisho hilo ni zito kwa askari. Urithi huweza kuamua ni nani atayumba kwanza. Hauwezi kumwahidi mtu yeyote kwamba hatayumba kamwe.

Hapa yatupasa tusimame kidogo, kwa sababu neno urithi wa damu lina historia mbaya katika nchi hii. Tangu miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji uliwaandikia Wanyarwanda kabila katika vitambulisho, baada ya watu kupimwapimwa pua na vimo kana kwamba ubinadamu unapimika kwa rula. Matunda yake yalionekana katika mtaa huu huu wa Gikondo. Tarehe 9 Aprili 1994, katika parokia ya mapadri Wapalotini, watu waliokimbilia kanisani walikaguliwa vitambulisho, na baada ya hapo zaidi ya watu 100 waliuawa kwa mapanga na marungu. Miongoni mwa waliovikagua vitambulisho hivyo walikuwamo watu waliovaa sare ya dola, ambao kazi yao ilikuwa kuwalinda. Katika nchi nzima, wengi walionusurika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi walibaki bila mkono, bila mguu, na pamoja na majonzi wakabaki na maumivu haya tunayoyazungumzia.

Kwa hiyo ieleweke vizuri. Jeni za maumivu hazina kabila, hazina mkoa, hazina chama. Zinapishana ndani ya nyumba moja, kati ya kaka na dada waliokula sahani moja. Mtu yeyote atakayetaka kuitumia elimu hii kusema kwamba watu wa ukoo fulani ni wavumilivu na watu wa ukoo fulani ni dhaifu, huyo hatumii elimu. Anarudia uongo wa zamani kwa maneno mapya. Wala haitakuwa haki kumpima kijana damu anapoomba kuingia jeshini na kumkataa kwa ajili ya herufi moja ya jeni, kwa sababu elimu yenyewe bado haiwezi kubashiri ni nani ataumwa. Faida ya elimu hii ni nyingine kabisa: inamwondolea majeruhi aibu, na inawaonyesha watafiti ni milango gani ya mishipa ya fahamu wanayopaswa kuitafutia dawa.

Wakati dawa hizo zinatafutwa, yapo mambo yanayoweza kufanywa leo. Zipo dawa za kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu ambazo daktari huziandika kwa uangalifu, ingawa hazimfai kila mtu kwa kiwango kimoja. Ipo pia njia ya kioo, iliyobuniwa na V. S. Ramachandran katika miaka ya 1990. Mgonjwa hukaa na kuweka kioo kati ya miguu yake, upande unaoakisi ukielekea mguu mzima. Akitazama kiooni huona sura ya mguu wa pili pale ambapo upo mmoja tu. Anapoukunja na kuukunjua polepole ule mzima, macho huuambia ubongo kwamba mguu uliojikunja kwa maumivu sasa umekunjuka.

Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, huko Washington, walitangaza majaribio yao kwa wagonjwa 18 waliokatwa mguu. Sita walitumia kioo, sita walitumia kioo kilichofunikwa, na sita waliambiwa wafikirie tu kwamba wanauchezesha mguu. Walifanya hivyo kwa dakika 15 kila siku. Baada ya wiki nne, wote sita wa kioo kilicho wazi walikuwa wamepata nafuu. Katika kundi la kioo kilichofunikwa alipata nafuu mmoja tu, na katika kundi la kufikiri wawili tu. Hesabu hiyo ni ndogo, na wapo wagonjwa ambao kioo hakiwasaidii. Lakini kioo hakihitaji umeme wala bohari kubwa ya dawa. Zahanati yoyote ya kikosi inaweza kuwa nacho, mradi awepo mtu aliyefunzwa kumwelekeza mgonjwa.

Nchi yetu imekwisha fanya mambo makubwa kwa waliokatwa viungo. Mwishoni mwa mwaka 2009 Rwanda ilitangaza kwamba imeyaondoa mabomu yote yaliyojulikana kutegwa katika ardhi yake, na hivyo kuziba chemchemi moja ya majeraha haya. Hapa Kigali, shirika la Mulindi Japan One Love, lililoanzishwa mwaka 1997 na Gatera Rudasingwa Emmanuel pamoja na Mami Yoshida kutoka Japani, limewapa maelfu ya watu viungo vya bandia bila malipo. Katika michezo ya walemavu ya London mwaka 2012, timu ya Rwanda ya mpira wa wavu wa kuketi ilikuwa ya kwanza ya mchezo huo kutoka nchi za Afrika zilizoko kusini mwa Sahara. Katika timu hiyo walikuwamo Dominique Bizimana na Jean Rukondo, ambao wakati wa vita walipigana katika majeshi yaliyokabiliana, kila mmoja akapoteza mguu, kisha wakaketi upande mmoja wa wavu wakiivalia nchi moja jezi moja.

Lakini mguu wa bandia hutibu kutembea. Hauyatibu maumivu ya usiku. Na leo majeruhi hawatoki vitani peke yake. Askari wa polisi anayesimama barabarani anajua jinsi pikipiki na magari yanavyovunja miguu ya watu; na hospitalini ugonjwa wa kisukari hukata viungo bila mlio wa risasi. Kwa hiyo kila mmoja wetu, awe jeshini, awe polisi, awe raia, ataishi karibu na mtu wa namna hii, au huenda yeye mwenyewe akawa mtu wa namna hii.

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hatuwezi kuingia katika mwili wa mwingine tukapima ukali wa anachokisikia. Tunachoweza ni kumsadiki. Afande mwenye majeruhi chini yake na amwulize waziwazi kama anaumwa katika kiungo kilichokatwa, maana swali likitoka kwa mkubwa, aibu ya kujibu hupungua. Mganga wa kikosi na aandike malalamiko hayo katika daftari kama anavyoandika homa, kisha ampeleke mgonjwa mbele kwa daktari. Askari mwenzake na aache mzaha wa kwamba Fulani analilia mguu wa hewa. Na majeruhi mwenyewe, msikilizaji wetu mpenzi, ikiwa unatusikia usiku huu huku vidole usivyo navyo vinaungua, ujue kwamba hujarukwa na akili, wala hukumpungukia mwenzako kwa ushujaa. Mlikanyaga bomu la namna moja, lakini kila mmoja wenu alikwenda vitani na mishipa aliyopewa na wazazi wake. Kesho asubuhi mweleze daktari, na umwambie mkeo ukweli alipouliza unaumwa wapi.